Siku tatu Morogoro, siku tano kwenye karatasi

Ndugu washauri, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mhasibu katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma. Ofisi iko Mtumba, nyumbani ni Nkuhungu. Nimelelewa katika familia ya Kikatoliki, niliimba kwaya mpaka nilipoajiriwa, na mume wangu ni Mkatoliki pia. Sasa naona kazi inanila imani.

Mambo ya bajeti yakianza, Jumapili kwangu ni siku ya kazi kama nyingine. Tunaitwa saa mbili asubuhi, tunatoka giza limeshaingia. Bunge la Bajeti likianza Aprili ndiyo basi kabisa: swali la kamati linakuja usiku, majibu yanatakiwa asubuhi. Misa nakosa mara kwa mara. Jumuiya yetu inasali Jumamosi alfajiri na huko ndiko sionekani kabisa. Mwenyekiti wa jumuiya alinisema mbele ya watu kwamba wenye kazi za serikalini wana Mungu wao. Mtoto wetu wa pili hajabatizwa, na nimeambiwa barua ya jumuiya haitaandikwa mpaka nihudhurie miezi mitatu mfululizo. Komunyo sipokei tena kwa sababu ya hizo Misa nilizokosa. Ofisini nako wananiita sista kwa kuwa kwenye sherehe nakunywa soda.

Kuna jambo jingine dogo. Kitengo chetu kilikuwa na mafunzo Morogoro. Tulikaa siku tatu, malipo yakaandaliwa ya siku tano, na mimi ndiye niliyeyaingiza kwenye mfumo. Kwenye akaunti yangu ziliingia shilingi 200,000 za siku mbili ambazo nililala kwangu. Huu mwezi wa kufunga mwaka mkuu wa kitengo ameshaniambia kuna safari nyingine ya namna hiyo hiyo. Mume wangu anasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, tena tuna mkopo wa kiwanja. Nilifikiria zile laki mbili nizitoe kwenye mchango wa ujenzi wa kanisa ili dhamiri itulie.

Nauliza: Jumapili nifanyeje? Mkuu wangu nimjibu nini? Na je, ni afadhali niache serikalini nitafute kazi kwenye shule au hospitali ya Kanisa?

Mama wa wawili, Nkuhungu

JIBU

Milele Amina, dada.

Umeandika kwa kirefu kuhusu Jumapili na jumuiya, halafu Morogoro ukaiita jambo dogo. Sisi tunaipindua barua yako. Kuhusu Jumapili, Kanisa lenyewe limeweka nafuu nyingi, na hukuzitumia hata moja. Kuhusu saini ya siku tano hakuna nafuu ya aina yoyote, wala ya Kanisa wala ya serikali. Na kwa kuwa safari nyingine iko njiani mwezi huu, tuanze na hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapofafanua amri ya saba inataja kwa majina mambo ambayo wengi wetu huyaona ni ya ofisini tu: rushwa, kutumia mali ya pamoja kwa faida binafsi, kazi iliyofanywa ovyo, kukwepa kodi, kughushi hundi na ankara. Karatasi inayosema siku tano wakati zilikuwa tatu imo humo. Watoza ushuru na askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumuuliza wafanye nini (Luka 3:12-14), hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa, wasimshitaki mtu kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Kwa hiyo ukiuliza kama mtu anaweza kuwa mhasibu wa serikali na Mkatoliki mwema, jibu lipo tangu mto Yordani. Kinachobaki ni kujua mpaka wa kushiriki.

Mpaka huo wanateolojia ya maadili wameuchora hivi. Kuna mtu anayeshiriki kosa la mwenzake kwa dhamira: analitaka, au kitendo chake chenyewe ndicho kosa. Huyo hana udhuru, hata kama ametumwa. Kuna mwingine ambaye kazi yake halali imetumiwa na mkosaji bila yeye kulitaka kosa. Huyo hupimwa kwa ukaribu wa kazi yake na kosa, na uzito wa sababu inayomlazimu kuendelea. Dereva aliyewapeleka Morogoro na kuwarudisha yumo kundi la pili, maana safari ilikuwepo kweli. Katibu muhtasi aliyechapa barua ya mwaliko vilevile. Mhasibu anayeingiza "siku 5" huku akijua ni tatu hayumo kundi la pili, kwa sababu uongo wenyewe ni ile namba aliyoiandika yeye. Usijifariji kwamba wewe ni kiungo tu. Katekisimu namba 1868 inawahesabu wanaoamuru, wanaoshauri, wanaoidhinisha, na pia wanaoshiriki moja kwa moja kwa hiari.

Sheria ya nchi nayo inasimama hapo hapo. Kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri ni kosa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ubadhirifu uko kifungu cha 28. Maadili ya taaluma yanayosimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yanakukataza kujihusisha kwa kujua na taarifa yenye uongo wa maana. Hii ni habari njema kwako kuliko unavyodhani. Ina maana kwamba pale ofisini huna haja ya kumtaja Mungu ili ukatae.

Hapo ndipo Wakatoliki wengi waadilifu huharibu. Wanakataa kwa mahubiri: "mimi imani yangu hainiruhusu." Mkuu anasikia kwamba yeye ni mwizi na wewe ni mtakatifu, jambo la karatasi limegeuka ugomvi wa watu wawili, na ugomvi huo wewe mdogo utaushindwa. Thomas More, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 2000 kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa, alikuwa mwanasheria, na kabla ya kuuawa mwaka 1535 alitumia sheria na ukimya kadiri vilivyomfikisha. Hakukimbilia kufa. Nawe usikimbilie kuhamishwa. Imani ikupe msimamo. Hoja itoke kwenye kanuni za fedha.

Fanya hivi. Maelekezo yakija kwa mdomo, usikatae wala usikubali papo hapo. Sema: "Sawa mkuu, naomba viambatanisho niandae." Viambatanisho vya siku tano halali ni barua ya mwaliko yenye tarehe, ratiba, kibali cha safari, orodha ya mahudhurio ya kila siku, na taarifa ya safari. Mara nyingi jambo huishia hapo, kwa sababu anayetaka malipo ya uongo anataka wewe uzitengeneze hizo karatasi, yeye hataki kuziandika. Likiendelea, andika dokezo sabili fupi, lisilo na lawama, liingie kwenye jalada au kwenye mfumo wa ofisi mtandao:

"Nimepokea maelekezo ya kuandaa malipo ya posho ya kujikimu kwa siku tano. Viambatanisho vilivyopo, yaani barua ya mwaliko na orodha ya mahudhurio, vinaonyesha siku tatu. Naomba viambatanisho vya siku mbili zilizobaki, au mwongozo wako, ili niendelee."

Mistari mitatu inatosha. Usiongeze neno "udanganyifu", usimtaje mtu, usimpe nakala kila mtu ofisini. Mkuu ana njia tatu: alete viambatanisho, apunguze siku ziwe tatu, au aandike kwa mkono wake kwamba lipa hivyo hivyo. Hiyo ya tatu ni nadra, maana anajua kalamu inakaa kuliko maneno. Akiandika, bado huandai. Unapeleka jalada kwa Mkaguzi wa Ndani kuomba ushauri, na hiyo ni hatua ya kawaida ya kiofisi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu.

Zipo namna ambazo jambo hili huharibika, na tunazitaja kwa sababu zimewatia watu matatani. Ya kwanza ni nywila. Mtu akikosa kukushawishi atasema, "Basi nipe nywila yako nimalizie mwenyewe, wewe usihusike." Utahusika kuliko wote. Kwenye mfumo wa malipo anayeingiza, anayehakiki na anayeidhinisha kila mmoja huacha jina lake na saa, na jina litakaloonekana ni lako. Ya pili ni kupiga picha jalada ukapeleka nyumbani "kwa ushahidi". Nyaraka za siri za serikali zinalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa, na mlalamikaji huweza kujikuta mshitakiwa. Badala yake weka daftari lako binafsi: tarehe, saa, nani alisema nini, namba ya jalada na folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada. Hilo ni kumbukumbu yako, si nyaraka ya serikali. Ya tatu ni kusaini "kwa niaba" mkuu akiwa hayupo. Usikubali mwezi Juni hata kama kwa kawaida huwa unafanya.

Juni ndiyo mwezi mbaya, nawe unaujua: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, salio linaogopwa, na kila kitengo kinatafuta safari. Wakaguzi wanajua hivyo pia. Hawahitaji mtu wa kuwanong'oneza. Wanaoanisha orodha ya mahudhurio na daftari la safari la gari, wanatazama kama jina hilo hilo lilisaini kikao Dodoma siku lililokuwa linalipwa Morogoro, wanahakiki risiti ya EFD ya nyumba ya wageni kwa namba yake kwenye tovuti ya TRA, na siku hizi kuna tiketi ya treni ya SGR yenye tarehe na saa. Saini kumi na tano zenye mwandiko mmoja haziwasumbui hata dakika. Hoja ya ukaguzi ikiibuka, mkuu atasema alimwamini mhasibu.

Je, unalazimika kwenda kumripoti? Wajibu wako wa kwanza ni kutoandika uongo, na huo haupungui. Wajibu wa kufichua makosa ya wengine unapimwa na cheo chako, uwezekano wa kufanikiwa, na madhara yatakayokupata. Kwa mhasibu, kumjulisha Mkaguzi wa Ndani ni sehemu ya kazi. Zaidi ya hapo, TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113, na Sheria ya Ulinzi kwa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwa chombo husika. Haikulindi ukiweka kwenye kundi la WhatsApp. Ukipata adhabu ya kinidhamu usiyostahili, mtumishi wa umma anaanza na ngazi za rufaa za utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Wengi hukimbilia CMA kwanza, wakarudishwa mlangoni.

Usitegemee kwamba hutapoteza kitu. Pengine hutawekwa tena kwenye orodha ya safari, pengine utahamishiwa halmashauri ya mbali. Zungumza na mumeo mapema kuhusu hilo, kwa namba na si kwa methali. Methali yake ya mbuzi inahesabu kamba. Haimtaji mwenye shamba. Kinachowafunga nyie zaidi, tunahisi, ni mkopo wa kiwanja. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake: mwenye mshahara wa 900,000 lazima abaki na 300,000. Watu hukopa mpaka ukingoni mwa theluthi hiyo, halafu posho ndiyo inakuwa mboga, ada na nauli. Mtu wa namna hiyo hawezi kukataa safari hewa hata akitaka, kwa kuwa ameshaila kabla haijalipwa. Orodhesheni matumizi ya miezi mitatu bila kuingiza posho hata senti. Pengo litakaloonekana ndilo bei halisi ya uhuru wako. Kisha nendeni benki kuomba muda wa marejesho uongezwe. Riba ya jumla itapanda, lakini makato ya mwezi yatashuka, na kwa hali yenu tunaona ni biashara ya haki.

Sasa zile laki mbili. Usizipeleke kwenye ujenzi wa kanisa. Pesa hiyo ina mwenyewe, naye anajulikana: ni hazina ya umma. Mtakatifu Thoma wa Akwino na Katekisimu (namba 2412) wanafundisha kwamba kilichochukuliwa isivyo haki kinarudishwa kwa mwenyewe. Maskini au mfuko wa Kanisa huingia tu pale ambapo mwenyewe hapatikani kabisa. Zakayo aliahidi mara nne, na Mungu ambariki, lakini haki inakudai kiasi kile kile: 200,000. Njia nyepesi ni kuomba kitengo cha mapato kikutolee kumbukumbu namba ya malipo kwa maelezo ya "marejesho ya posho ya kujikimu, siku 2 zisizotumika", ulipe benki au kwa simu, uhifadhi stakabadhi. Marejesho ya salio la safari ni jambo la kawaida, halimshangazi mtu. Fahamu hata hivyo kwamba kurudisha hakufuti kosa la kisheria, na kwamba haulazimiki kujitangaza. Kabla ya kuandika maelezo marefu zaidi ya hiyo sentensi, muone wakili mara moja. Kama njia hiyo imezibwa, padri muungamishi anaweza kukuelekeza namna ya kuifikisha fedha kwa umma bila jina lako.

Na wale wengine waliolipwa siku mbili kwa mkono wako? Kwa mafundisho ya Akwino, aliyeamuru ndiye wa kwanza kudaiwa fidia, mtekelezaji anafuata. Anza na kilichoingia mfukoni mwako. Hilo la wengine lipeleke kitubioni upewe uamuzi wa hali yako, usijipangie mwenyewe.

Kitubioni taja aina ya dhambi na idadi, kama kanuni ya 988 ya Sheria ya Kanisa inavyotaka: "Niliandaa malipo ya uongo mara moja, nikapokea laki mbili, nimeanza kuzirudisha." Usimtaje mkuu wa kitengo wala taasisi. Ukiona haya kuungama kwa paroko wako, nenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba au parokia yoyote ya Jimbo Kuu. Padri yeyote mwenye mamlaka ya kuungamisha anakutosha. Halafu rudi kwenye Komunyo. Umejizuia kwa sababu ya Misa, wakati kilichohitaji kitubio ni Morogoro.

Misa yenyewe iko hivi. Amri ya kushiriki Misa Dominika (kanuni ya 1247) ni nzito, lakini namba 2181 ya Katekisimu inasema anayezuiwa kwa sababu kubwa hana kosa. Kuitwa kazini na kukosa Misa zote za siku hiyo bila uwezo wa kukwepa ni sababu. Kulala mpaka saa mbili kwa kuwa jana ulichoka si sababu kubwa hivyo, na mwenyewe utajua Jumapili ipi ilikuwa ipi. Kanuni ya 1248 inakubali Misa ya Jumamosi jioni. Wanasheria wengi wa Kanisa huhesabu kuanzia saa 10 alasiri, na kanuni haidai masomo yawe ya Dominika. Kwa hiyo Misa ya ndoa ya Jumamosi saa 10 inakutosheleza, ya ndoa ya saa 4 asubuhi haikutoshelezi. Na kanuni ya 1245 inampa paroko uwezo wa kumpa muumini mmoja mmoja nafuu, au kumbadilishia wajibu huo na tendo jingine la ibada. Ni wachache wanaoiomba. Nenda ofisini kwake kabla ya Januari ijayo, mweleze ratiba ya bajeti kuanzia maandalizi hadi Juni 30, umuombe hilo waziwazi. Misa ya redioni ni sala njema kwa aliyezuiwa, ila haichukui nafasi ya Misa kwa anayeweza kwenda.

Kabla hujafika huko, tazama saa. Mtaitwa saa mbili. Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka mjini. Parokia nyingi za mjini zina Misa ya alfajiri. Andika ratiba za parokia tatu zilizo kwenye njia yako, si moja ya Nkuhungu tu. Misa ya kwanza ikiisha saa moja na nusu, utafika kazini umechelewa nusu saa, na hilo ndilo la kuomba. Usiombe "Jumapili yangu". Omba kuingia saa mbili na nusu.

Kisha tengenezeni zamu. Katika ofisi yoyote ya Dodoma hukosi Msabato ambaye Jumamosi kwake ni takatifu na Jumapili yuko huru, na Mwislamu anayehitaji Ijumaa mchana kwenda swala. Ninyi watatu mkipeleka kwa mkuu jedwali moja la wiki 12, kazi zote zikiwa zimefunikwa na kila mmoja akiwa na saa zake za ibada, mtasikilizwa kuliko kila mtu akienda kulia peke yake. Msabato apewe Jumapili asubuhi, wewe ubebe Jumamosi nzima. Ndiyo, utakosa jumuiya ya Jumamosi. Bora kukosa hiyo kuliko kukosa Misa.

Kwa wasomaji walio hotelini, benki na madukani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kazi ndani ya mapumziko hayo ni kwa makubaliano na malipo mara mbili. Haisemi siku hiyo iwe Jumapili, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba mapema.

Jumuiya sasa. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamezifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, na wana sababu: ndiko mgonjwa anakojulikana na msiba unakobebwa. Lakini kuhudhuria jumuiya si sharti la kupokea Komunyo. Kuhusu ubatizo, kanuni ya 867 inawataka wazazi wambatize mtoto katika majuma ya kwanza, na ya 868 inataka mzazi akubali na kuwe na tumaini kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Anayeamua kuhusu tumaini hilo ni paroko. Barua ya mwenyekiti inamsaidia paroko, haimfungi. Nendeni wote wawili, wewe na baba yao, na cheti cha ndoa, cha kuzaliwa cha mtoto, na jina la msimamizi aliyepata Kipaimara. Elezeni mambo ya kazi bila kumsengenya mwenyekiti. Wakati huo huo mumeo aanze kwenda Jumamosi kwa niaba ya nyumba. Tumeshangaa barua nzima haisemi yeye huwa wapi siku hiyo. Zaka na michango ilipwe kwa wakati, na mara moja ndani ya miezi mitatu jumuiya isalie kwenu. Mwenyekiti aliyekaribishwa chai huandika barua upesi.

Soda endelea kunywa. Jina la sista halijamuua mtu. Ukihitaji wenzako wa kusemezana nao mambo haya, ulizia CPT, chama cha wanataaluma, parokiani kwako.

Swali la kuhamia taasisi ya Kanisa tunalijibu kwa tahadhari. Kama ni kwa kuwa unapenda kazi ya shule au hospitali, nenda. Kama ni kukimbia karatasi za uongo, zinaweza kukukuta huko pia, na huko zinauma zaidi kwa sababu anayekuagiza huenda ndiye anayekukomunisha. Utatoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uingie NSSF, wa sekta binafsi, basi uliza kwanza michango yako ya miaka hii itaunganishwaje, maana pensheni inataka angalau miezi 180. Na siku ya usaili, ukiulizwa kama una swali, uliza mawili: hundi inasainiwa na watu wangapi, na hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani kutoka nje.